Mahali pa Shangazi Kimeng

Daxi, mwezi wa kumi, siku ya mvua

Kaka yangu Bunhiong,

Shikamoo. Pokea salamu zangu wewe, wifi na wanao wote huko Kaohsiung, ambako nasikia bado mnalala na feni wakati sisi huku tumeshatoa mablanketi. Goti lako linaendeleaje? Wifi aliniambia daktari amekukataza ngazi na wewe umekataa kukatazwa. Tafadhali msikilize daktari, hata kama ni mdogo kuliko wewe. Sisi huku tu wazima wa mwili. Shangazi Kimeng anakula vizuri, analala vizuri, na jana amegombana na muuza tofu kavu mpaka akaongezewa kipande, kwa hiyo juu ya afya yake usiwe na hofu.

Najua utashangaa kupata barua. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini kila nikikutumia jambo zito unanijibu kwa katuni ya sungura anayepunga mkono, na hili, kaka, halitaki sungura. Nina aibu. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Shangazi yetu, aliyetulea tangu Mama alipotutoka, anatafuta mahali pa kuwekwa kibao cha jina lake siku akifa, roho yake ipate pa kukaa na kufukiziwa udi. Anatafuta kwa watu baki, na mimi ndiye niliyemsukuma nje. Wewe peke yako unaweza kumrudisha. Nakuomba usome mpaka mwisho, kisha ndipo ukasirike.

Nianze na safari zetu. Unajua kila Jumamosi na Jumapili nyumba yetu inakuwa ya umma. Wageni wanakuja kwa mabasi kutoka Taipei, wanatazama nakshi za mbele, kisima cha uani na karakana ya Baba, na mimi nawaongoza nikiwa na kipaza sauti shingoni. Shangazi anabaki nyuma akisugua vibao vya mababu vya wateja na kuvipaka lakha ya kung'arisha. Wageni wanapenda kumpiga picha mikono. Basi mwezi wa nane, jioni moja tukiosha vyombo, akaniambia kwamba watu nisiowajua nawatembeza kutwa, lakini yeye niliyemkojolea mgongoni sijawahi kumtembeza hata siku moja. Akasema anataka kuyaona mahekalu ya kale ya kaskazini kabla miguu haijamgomea.

Nilifurahi mno. Nilidhani hatimaye ameipenda kazi yangu, maana tangu niache ualimu alikuwa akisema nimekuwa kasuku wa kulipwa. Nikampeleka Sanxia, nikamsimamisha mbele ya nguzo za mawe nikamweleza kila ndege na kila samaki aliyechongwa. Nilipogeuka, Shangazi hayupo. Nikamkuta uani akinong'onezana na mtunza hekalu. Nilipomuuliza akasema alikuwa anaulizia choo. Tukaenda Keelung, ikawa vile vile: mimi nahutubia nguzo, yeye yuko nyuma na mtunza, anaulizia choo. Nikamtania njia nzima. Nikamwambia tutaandika kitabu cha vyoo vitakatifu vya kaskazini, na yeye ndiye atakuwa mtaalamu. Alicheka, akaniambia niangalie nisije nikazeeka na ulimi huo huo.

Tamsui nilimpeleka kwenye ngome nyekundu kule juu, kwa sababu wageni wote wanaipenda. Alikaa kwenye benchi nje, akafungua karanga zake, akaniuliza ngome ya wanajeshi itamsaidia nini, na kama mji huu una mahekalu au hauna. Nilinuna. Nilimwona mzee asiye na shukrani, na kwenye treni ya kurudi nilijifanya nasinzia.

Safari ya mwisho aliichagua mwenyewe. Tulipanda basi mpaka milimani, kwenye mashamba ya chai, kwenye kijumba cha kale ambacho hata mimi nilikuwa sijawahi kukisikia. Ni nyumba ya roho za wanawake waliokufa bila kuolewa. Mezani kwao watu wameweka vitana, vioo vidogo na poda. Anayekitunza ni mama mmoja aitwaye Bi Guatho, ana viatu vya mpira na sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya bonde. Kaka, nitakueleza nilivyokuwa kipofu. Nilipiga picha vile vitana. Nilipiga picha vioo. Nilikuwa nawaza jinsi ya kuleta vikundi vya wageni pale, na kama barabara itapitisha basi.

Bi Guatho alinitazama usoni kwa muda mrefu, akamwuliza Shangazi, "Ndiye huyu?" Shangazi akasema ndiye. Akaniuliza mwaka niliozaliwa, na Shangazi akamtajia mpaka saa, bila kuniangalia. Sasa kabla ya hapo mama yule alikuwa amejisifu kwamba nusu ya ndoa za bonde lile amezifunga yeye. Nikajua naposwa. Nilikasirika kama msichana wa miaka kumi na minane. Tulipokuwa tunasubiri basi nilimfokea Shangazi mbele ya watu. Nilimwambia nina miaka arobaini na sita, sitaki kuuzwa kwa mkulima wa chai mwenye kikohozi, na kama hizi ndizo safari zake basi zimekwisha. Yeye alimenya chungwa alilopewa, akanipa nusu kubwa.

Wiki iliyopita simu ya nyumbani ililia, Shangazi yuko sokoni, nikaipokea mimi. Alikuwa Bi Guatho. Alidhani nina habari zote, kwa hiyo alizungumza bila kuficha. Alisema nimwambie mama mzee kwamba mahali pamepatikana, na kwamba asihangaike tena kuzunguka mahekalu ya mjini, kwani kule huwa wanataka familia ije kwanza. Alisema wao pale hawaulizi familia iko wapi. Aliniambia na mengine, nitayafikia. Nilipoweka simu nikakumbuka vyoo vyote vile nilivyovicheka.

Shangazi aliporudi nilimwuliza kwa nini ananifanyia hivi, kwa nini aende kwa watu wengine wakati meza ya mababu iko sebuleni na yeye ndiye anayeifuta vumbi kila asubuhi. Akaweka mboga chini taratibu. Akaniambia nisijifanye sijui, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyeeleza jambo hilo, tena kwa kipaza sauti.

Hapo ndipo nilipokumbuka, kaka, na hapa ndipo pananichoma.

Ilikuwa Jumapili kabla hajaniomba safari. Nilikuwa na kikundi kikubwa, nimesimama nao mbele ya meza ya mababu. Msichana mmoja akauliza mbona kwenye vibao hakuna mabinti. Ningejibu kwa adabu yangekwisha. Lakini walikuwa wamechoka, joto limewapiga, nikataka kuwachangamsha. Nikasema, "Kwetu binti ni mgeni! Akiolewa, kibao chake kinakaa mezani kwa mababu wa mume. Asipoolewa, hata mzimu wake itabidi ukapange chumba!" Walicheka sana. Kicheko kikanipa kichwa, nikaelekeza kidole nyuma: "Na tunaye mmoja kule karakana, bado anasubiri posa. Mwenye babu mjane asione haya." Wakageuka wote kutazama. Shangazi alikuwa amesimama pale pale mlangoni na sinia ya chai aliyowaandalia. Akasema, "Awe na meno yake mwenyewe, maana yangu hayatoshi watu wawili." Wakampigia makofi. Nami nikapiga makofi. Nilijiona nimefanya kazi nzuri siku ile.

Nilimwomba msamaha huku nalia. Alinishangaza, hakuwa na hasira. Alisema nilieleza vizuri, sauti ilifika mpaka nyuma. Alisema yeye desturi anaijua tangu utoto, na vibao vya nusu ya mji huu amevipaka lakha yeye, ila muda wote ambao hakuna mtu wa nyumba hii aliyeitamka, alikuwa akiwafuta vumbi wale wazee na kujidanganya kwamba siku yake ikifika watasogea kidogo. Baada ya mimi kusema mbele ya watu, hakuweza tena kujidanganya. Akachukua mboga zake akaenda kupika.

Kesho yake niliwasha udi, nikachukua vile vipande viwili vya mbao vya kupigia ramli, nikavirusha nikiwauliza mababu kama watampokea. Ningepata kimoja bapa juu na kimoja mgongo juu, ningejua wamekubali. Vilianguka vyote bapa juu. Yaani wamecheka tu, hawajajibu. Nikarusha tena, wakacheka tena. Shangazi akanisikia kutoka jikoni, akaniambia niache kuwasumbua wafu kwa kazi ya walio hai, kwamba wanacheka kwa sababu hawajawahi kuona kibao kikijipanga chenyewe. Nikamwambia basi nitakuandikia wewe, mwenye chetezo cha nyumba. Akasema nisikusumbue, una goti.

Kwa hiyo nakusumbua. Wewe ni mwana wa kiume wa nyumba hii, na bila neno lako hakuna kibao kinachopanda pale. Wapo majirani waliokwisha kuwaweka mabinti zao, na hakuna aliyepatwa na lolote. Najua wifi anaogopa kwa ajili ya watoto, anaamini roho ya mwanamke asiye na mume huleta nuksi kwenye meza ya mababu. Mwambie mwanamke huyu ndiye aliyekubeba wewe mgongoni mpaka zahanati usiku wa kimbunga. Kama angekuwa na nuksi, wewe ungekuwa wa kwanza kuipata. Njoo sikukuu ya baridi, siku ya kula vidonge vya unga wa mchele, simama mbele ya mababu, umwambie Shangazi akiwa hai na anasikia kwamba mahali pake ni hapa. Usingoje awe amekufa ndipo umwambie.

Sasa yale mengine ya simu. Nimeyaacha mwisho kwa sababu nimeshindwa kuyaandika mara nyingi, karatasi nimezichana. Bi Guatho alisema mahali palipopatikana ni pawili, pameshikana, kama mama mzee alivyosisitiza kote alikopita. Pa kwake, na pa binti wa kaka yake. Alisema walikuwa na nafasi mbili kule mlangoni, Shangazi akazikataa, akangoja mpaka zipatikane za ndani, kwa sababu huyu binti, alisema, tangu utotoni miguu yake hupata baridi.

Kaka, nilipokuwa nawachekesha wale wageni, sikukumbuka kabisa kwamba nami sina mume. Yeye alikumbuka.

Mimi sijiombei lolote. Sitaki utaje jina langu mbele ya mababu, sistahili. Msogezee Shangazi tu. Ila ukikataa, nijulishe mapema, nikamwambie Bi Guatho azishike zote mbili, maana yeye hatakwenda kukaa kule peke yake nikiwa nimekaa kimya.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata, cha buluu. Wabusu wanao wote, na yule mdogo mwambie Shangazi mkubwa anamwekea tofu kavu tamu. Funga goti lako lisipigwe na upepo. Shangazi hajui nimeandika. Yuko karakana, namsikia anasugua mbao, na kila mara anaacha kusugua ili aniulize kama nimevaa soksi.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kuinamisha kichwa,

Kang Siokhun