Maua ya pa kaburi ya mama

Odette, mujukuu wangu, jambo sana. Tuko bazima, ni magoti yangu tu iko mu grève, inakatala kazi.

Unauliza kama uachane na ule kijana, juu papa yako anasema haiko wa kwetu. Sikia. Kule Élisabethville, papa yangu alipanda maua moja ya pori ya kwetu pa kaburi ya mama. Haikukuwa na mwenzake, ikazaa yenyewe na yenyewe. Kila mwaka batoto yake ilikuwa midogo zaidi, mwisho mbegu ikakatala kuota. Papa akalia.

Nikaleta ingine ya namna ile, ya Kinsevere, kwa batu ya kabila ingine, nikapanda pembeni.

"Maua ya bageni kwa muke wangu?"

"Papa, nyuki haiulizake kabila."

Mvua yenye kufuata, batoto ya maua ikasimama nguvu. Papa akaokota mbegu, akapeleka yeye mwenyewe Kinsevere.

Ule kijana, umulete. Papa yako ni mutoto wangu, nitamusemesha.

Kambo wako