Bushi Iliyokazwa Hewani

JESHI LA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sabina Malimi
Umri: Miaka 49
Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa kuchonga vyuma, Kirumba
Makazi: Pasiansi, Mwanza
Tarehe: 11 Agosti 1995. Muda wa kuanza: saa 8:10 mchana

Mimi ni mtajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu afande kwamba uongo ningekuwa nauweza ningeshafika nyumbani, maana niko hapa tangu saa nne asubuhi.

Nilikuwa opareta wa mashine ya kukereza katika kiwanda cha pamba kwa miaka kumi na saba. Mwaka 1992 tulipunguzwa kazi na mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Moja niliichukua mimi, nikaifunga Kirumba, nyuma ya uwanja wa mpira. Tangu biashara ziachiwe huria maduka yamejaa spea za magari ya Kijapani, lakini mwenye Landrova ya zamani akiingia dukani anachekwa. Hao ndio wateja wangu. Wananiita Mama Bushi, kwa vile vishikio vya ncha za springi ninavyowachongea, na jina hilo silikatai.

Mwaka jana uwanja wa gereji alikokuwa akifanyia kazi mume wa binti yangu Gladness uliuzwa. Gladness aliniomba nimpe mumewe nusu ya eneo langu, nikampa. Jina la mkwe wangu silitaji, afande analo kwenye jalada. Kwa jinsi nilivyolelewa, mama mkwe hamtaji mkwe wake, hamwangalii usoni wala hazungumzi naye, na mkwe vivyo hivyo. Kwa hiyo tuliweka ukuta wa mabati katikati. Bushi zikiwa tayari naziweka kwenye karai, Gladness anazipeleka upande wa pili pamoja na maneno yangu. Majibu yanarudi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka mzima hatukugombana hata siku moja, na wako watu wanaolala kitanda kimoja wasioweza kusema hivyo.

Mnamo tarehe 13 Julai 1995, saa 3:00 asubuhi, Bashiru, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, alileta Landrova yake. Bushi za springi za mbele zilikuwa zimekwisha. Nilimchongea mpya. Bushi yangu ni bomba la nje na bomba la ndani, na katikati nashindilia raba ya tairi la lori. Haizunguki. Ukikaza nati, bomba la ndani linashikwa, na springi ikicheza ni raba inayojipinda. Ndiyo maana gari likiwa juu hukazi. Unalishusha kwanza, likae kwenye magurudumu na uzito wake wote, kisha ndipo unakaza. Ukikaza springi zikiwa zinaning'inia, gari likishuka raba inajinyonga na kubaki hivyo mchana na usiku, kama mtu aliyelala na shingo iliyopinda. Siku moja itachanika.

Mkwe wangu alijifunzia kazi kwenye malori, ambako bushi ni za shaba na zinazunguka zenyewe. Hilo nilikuwa nalijua. Kwa hiyo tarehe 14 Julai jioni nilimwambia Gladness, "Mwambie mwenzako asikaze mpaka gari likae chini." Juzi Gladness amenieleza alivyomwambia: "Mama anasema usikaze mpaka gari likae sawa." Kwake yeye ni neno lile lile. Mkwe wangu akalipandisha gari juu ya magogo manne, akapima kwa kamba, likakaa sawa kabisa.

Tarehe 15 Julai, siku ya Jumamosi, Gladness alikwenda msibani. Saa 5:00 asubuhi nilikuwa nachota maji karibu na upenyo wa mabati. Niliona miguu imetokeza chini ya Landrova, na Landrova ikiwa juu ya magogo. Nikasikia spana. Spana inayokaza na inayolegeza hazina sauti moja, na masikio yangu yanazijua zote mbili. Alikuwa anakaza.

Kati yetu palikuwa na hatua kumi. Neno lililohitajika ni moja tu: "Shusha." Sikulisema. Nilitoka nje kutafuta mtu wa kumtuma. Mshona viatu alikuwa hajafungua, na mama wa chapati alikuwa ameshaondoka na sufuria zake. Nikarudi, nikachukua nyundo, nikagonga mguu wa mashine mara tatu kwa nguvu, nikitumaini atashtuka, atatoka, ataita mtu aulize kuna nini. Spana ilinyamaza. Nilisimama na nyundo mkononi. Kisha spana ikaendelea. Nikavuta kanga kichwani, nikarudi kwenye kazi yangu.

Bashiru alichukua gari saa 9:00 alasiri. Gladness alirudi jua likizama. Ningeweza kumfuata Bashiru Mwaloni Jumatatu yake, ni mwendo mfupi, nikamwambia alirudishe gari. Sikwenda. Nilijiambia raba yangu ni ngumu, itavumilia. Hayo yalikuwa majivuno, na naomba yaandikwe kwa jina hilo.

Ajali ya tarehe 9 Agosti sikuiona. Nimeambiwa kwamba saa 1:30 asubuhi, kwenye mteremko wa Mkolani, Bashiru alikanyaga breki kupisha ng'ombe, gari likavuta kushoto na kupinduka mtaroni. Dorotea, anayeuza dagaa za Bashiru, alikuwa amekaa mbele. Mguu wake wa kushoto umekatwa hospitalini. Dorotea namfahamu. Miaka ishirini amefanya biashara yake akiwa amesimama.

Leo saa 4:00 asubuhi nilioneshwa bushi ya kushoto iliyofunguliwa kwenye gari hilo. Ni yangu. Raba yake imechanika mshazari, kama nguo iliyokamuliwa kupita kiasi. Haikuchakaa. Ilinyongwa.

Saa 4:40 afande alimleta mkwe wangu katika chumba hiki, akaniambia nimwangalie na kumgusa bega ili nithibitishe kuwa ndiye aliyefunga bushi. Nilijifunika kanga nikageukia ukutani. Alipotolewa, niliona imeandikwa: "Shahidi amekataa kumtambua mtuhumiwa." Sikukataa. Naomba maneno hayo yafutwe. Chumba hiki kina mlango mmoja, na mlango huo unatazamana na nondo za mahabusu alimo. Tangu asubuhi nimekaa nikiangalia kalenda ya ukutani, na ni ya mwaka jana.

Afande amenitaka nichague: nilimwambia au sikumwambia. Nikisema nilimwambia, baba wa wajukuu zangu atafungwa kwa ukaidi ambao hakuwa nao. Nikisema sikumwambia, nitakuwa nimesema uongo, na kesho atakuja kuulizwa Gladness. Nimezunguka humo kwa saa nne na sijapata pa kutokea. Kweli ni kwamba nilituma maneno, yakafika yamebadilika, na nilipoona kwa macho yangu kwamba yamebadilika nilinyamaza. Afande ameniuliza, "Mama, kwa nini hukupiga kelele tu? Sisi kwetu Tanga mkwe tunakula naye sinia moja." Nimemjibu kwamba mimi si wa Tanga. Lakini swali lake ni la haki, na Dorotea akipata nguvu ataniuliza hilo hilo. Nina aibu, na ninaogopa.

Ninaomba jambo moja. Maelezo haya asomewe mkwe wangu, yote, na mtu mwingine, mimi nikiwa nimetoka nje.

Niliyoyaona na niliyoyaacha ni hayo. Nimesomewa, ni sahihi, na yale maneno ya kukataa yamekatwa kwa wino mbele yangu.

Sahihi ya shahidi: S. Malimi
Muda wa kumaliza: saa 10:25 jioni

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi E. 2913 Koplo Jumbe nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi kabla hajatia sahihi. Kwa ombi lake, saa 10:50 jioni, shahidi akiwa ameketi nje chini ya ukuta wa kituo, nilimsomea mtuhumiwa Yakobo Ngosha maelezo yote nikiwa nje ya nondo. Alisikiliza akiwa amesimama mpaka mwisho. Aliomba nimpelekee shahidi ujumbe, na saa 11:05 nimeufikisha neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mwambie mama nyundo niliisikia. Nilijua ni yeye. Ndiyo maana sikugeuka."