Uso wa Baba Zawadi Umeingia Kwenye Ubao

Gisenyi, Alhamisi, Novemba 1998

Mvua tangu asubuhi, ziwa halionekani kabisa, na mimi nina furaha mpaka mwandiko unayumba.

Niandike kwa mpangilio, nisije nikasahau nilivyofanya.

Jumatatu, Mama Zawadi, muuza vitenge wa Goma, ng'ambo ya mpaka, alituletea hapa karakanani picha ya marehemu mumewe. Ndiyo pekee aliyobaki nayo, ndogo kama kiganja, na unyevu umeshaanza kuila pembeni. Binti yao Zawadi anaolewa Jumamosi. Mama alitaka uso wa baba uchongwe kwenye ubao wa ukubwa wa daftari, ukae meza kuu. Nikamwambia ni kazi ya saa moja. Tuna mashine ya leza, nilisema kwa maringo, mwanga wake unachoma mti wenyewe.

Ukweli ni kwamba tangu nitoke Mwanza na kuanza kazi hapa, nimechonga maandishi tu: vikombe vya washindi wa mpira, majina ya milango ya ofisi. Picha sikuwahi kujaribu.

Ubao wa kwanza: paji la uso, macho, kisha mashine ikasimama. Wa pili: ikasimama pale pale, juu ya pua. Nikabadilisha waya unaotoka kwenye kompyuta. Nikazima, nikawasha, nikaomba Mungu. Ukabaki ubao mmoja.

Mzee Yusufu, mwenye karakana, aliokota zile mbao mbili zilizoharibika.

"Mwanangu, mrudishie mwenyewe picha yake. Atafute mchoraji."

Aibu kubwa zaidi ni ya jana. Mama Zawadi alipita, nikamdanganya kwamba umeme ulikatika. Akanipa pole, akaniachia sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa hili, amezifunga kwenye gazeti.

Sikuweza kuzila jana. Nimezila leo asubuhi, zimepoa, na ndipo nikaiona picha kwenye lile gazeti, uso wa mtu umelowa mafuta. Nikausogeza karibu na macho.

Hakuna kijivu!

Ni nukta nyeusi tupu, zimebanana penye giza, zimeachana penye nuru. Ukiiweka mbali kidogo, zinakuwa shavu, zinakuwa tabasamu.

Nikarukia kompyuta. Faili la picha ya Baba Zawadi, niliyoiingiza kwa skana, lilikuwa na megabaiti nne, maana kila nukta ilibeba kijivu chake, kikali au hafifu. Mashine ina kumbukumbu ya megabaiti mbili. Haikuwa mbovu, ilikuwa imeshiba! Ilipokea nusu ya uso, ikakosa pa kuweka nusu nyingine. Na kijivu chenyewe mashine haina kazi nacho: mwanga ama unachoma, ama hauchomi.

Nikaigeuza picha yote kuwa nukta nyeusi na nyeupe. Faili likapungua mara nane, nusu megabaiti! Nikafuta na kazi za zamani zilizokuwa zimelala kwenye kumbukumbu ya mashine. Nikaweka ubao wa mwisho, nikabonyeza.

Paji. Macho.

Pua.

Mdomo, kidevu, mpaka kola ya shati! Nilipiga kelele, Mzee Yusufu akaja mbio akidhani nimeungua.

Mama Zawadi alifika saa tisa. Nilianza na ukweli: umeme haukukatika, mimi ndiye sikuijua kazi. Sidhani kama alinisikia. Alikuwa ameshaushika ubao, anapitisha kidole gumba kwenye uso ule.

"Ee Mungu! Masikio yake ilikuwaka makubwa hivi hivi!" Akacheka, akacheka tena, kisha akaketi kwenye benchi. "Zawadi alikuwa angali mutoto, dada. Sura ya baba yake haikumbuki."

Mzee Yusufu akajifanya anatafuta kitu uani.

Akaufunga ubao kwenye kitenge kipya, akaukumbatia kifuani. Nikamwambia asubiri mvua ipungue.

"Mi siwezi kungoja, watafunga mpaka," akasema. "Bon, dada. Leo mi na bwana yangu tunavuka wote wawili."

Nilisimama nje nikimtazama mpaka akapinda kona, nimelowa chapachapa, nacheka peke yangu kama kichaa.

Kesho nafungua karakana saa moja, sio saa mbili kama kila siku.