Hesabu Mpaka Tatu

Butembo, dimanche

Kavugho, mudogo wangu,

Goti ya mama imepona, na maharagi ya Musienene imeanza kuingia soko. Nimefurahi club yetu ya radio imekupa poste ya Mangina, kile kituo cha kuitia. Usiogope kintu, hii kazi naijua.

Kati yetu iko milima, donc sauti yako hapana weza kunifikia yenyewe. Relais, ile mashine yetu ya juu ya kilima, inaipokea kwa fréquence moja na kuirudisha palepale na nguvu kwa ingine. Finya bouton, ngoja kidogo, njo useme. Ukiharakisha, jina lako itakatwa kichwa.

Mais mutu mumoja tu ndiye anapita. Ukishikilia bouton, bengine bote banafungiwa njia. Mwenzako akimaliza, hesabu mpaka tatu mbele ya kujibu. Mwenye shida anaingiaka pale.

Mimi sikuhesabu. Siku ya ajali ya kaka yetu Muyisa, nilikuwa nasalimiana na bato ba Beni: batoto, mashamba, mvua, mpaka kuku. Poste ya Kalunguta iliita mara ine kuomba gari ya kumukimbiza hopitali, akiwa angali anapumua. Kila mara ilikuta njia imefungwa.

Mama anasema mpaka leo relais ilikuwa imekufa. Relais ilikuwa muzima.

Mardi, saa tatu ya asubui, nitakuita. Usinisalimie. Salamu zako nimeshazipata.

Dada yako,
Marie-Jeanne