Mume Wangu Amepasua Chiminea ya Mwanetu

Mpendwa Bi Eustolia,

Naomba msaada wako, na ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue naandikia gotini, kwa sababu meza yetu ndiyo inayopambwa kwa ajili ya wafu na mimi nimekataa kuisogelea. Majina usiyafiche, hapa Santa Rita kila mtu ameshajua, na asiyejua ameshaelezwa na wifi yangu Refugio.

Sisi ni wafinyanzi wa chiminea, yale majiko ya udongo ya kuotea moto uani, yenye tumbo kubwa, mdomo kwa mbele na shingo ndefu ya kutolea moshi, mume wangu Crescencio amezaliwa ndani ya kazi hiyo na baba yake vilevile, mimi nilipoolewa nilikuta udongo umeingia mpaka kwenye chumvi nikauzoea. Mwanetu Heriberto naye alifuata, ingawa alikuwa mvivu wa kukanda na baba yake akimwita "bwana harusi" kwa jinsi alivyoogopa kuchafua viatu, lakini mkono alikuwa nao, Bi Eustolia, mkono alijaliwa, na chiminea ya mwisho aliyoitengeneza kabla ya kupanda basi kwenda kaskazini kuvuna nyanya hakutaka iuzwe, aliniambia, "Mama, hii ni yako, uote moto mpaka nirudi, na mzee asije akaiuza." Basi lilifika, wenzake walifika, yeye hakufika. Walisema aliteremka kwenye kituo cha mafuta kununua maji, dereva akangoja, akapiga honi, mwishowe akaondoka. Huu sasa ni mwaka wa tatu na simu yake haijawahi kuita tena.

Heriberto alivunjika dole gumba la kushoto kwenye mpira akiwa mdogo, likapona limepinda, na ndani ya chiminea yake, pale juu ya mdomo ambapo mfinyanzi hupitisha mkono kulainisha, dole lile limeacha alama. Kila asubuhi majivu yakiwa yamepoa huingiza mkono nikaweka dole langu pale, ndipo naenda kuchemsha kahawa. Jioni nawasha vijiti vya msonobari, kidogo tu, mvua ikinyesha naifunika nailoni, na hakuna ruhusa ya mtu mwingine kuigusa, wala Crescencio, wala binti yangu Yadira, maana nilishasema mwenyewe akirudi aikute kama alivyoiacha.

Mwaka huu kabla ya mvua kwisha tuliitwa na ofisi inayotafuta waliopotea, wakataka damu ya baba na ya mama ili wailinganishe na mifupa waliyonayo. Crescencio alitoa. Mimi nilifika mpaka mlangoni nikageuka nikarudi kituo cha basi, kwa sababu mama hatoi damu yake kwenda kutafuta mifupa ya mtu aliye hai. Crescencio hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Halafu zikakaribia siku za wafu, wanaporudi kula mezani kwa jamaa zao penye picha zao, akaja wifi Refugio na fremu ya picha amenunua kwa pesa yake, ina maua ya dhahabu pembeni, anacheka cheka. "Wifi," ananiambia, "hata marehemu ana haki zake, mtoto anataka mkate wake na mshumaa wake kama wenzake." Nikamwambia, "Marehemu gani? Nenda kamtie mumeo kwenye fremu, yule anayekoroma mpaka mchana." Hapo Crescencio akasema, polepole, bila kuniangalia, "Mama Heri, tukiweka picha na yu hai, atacheka. Tusipoweka na amekufa, atakuja akute kila mtu ana sahani isipokuwa yeye. Atasimama wapi? Mlangoni kama mbwa wa jirani?" Nikamjibu, "Siku utakayoiweka picha yake pale pamoja na baba yako na mama yako, utakuwa umemuua kwa mkono wako mwenyewe." Nikachukua picha nikaifungia sandukuni, ufunguo nikautia kifuani, nikaondoka kwenda kwa dada yangu bila kuaga, na kwa hasira niliyokuwa nayo chiminea sikuifunika.

Huko kwa dada mvua za mwisho zilinyesha kana kwamba zimeagizwa. Niliporudi ilikuwa jioni, nateremka kwenye basi nikaona moshi tangu barabarani, moshi mnene wa kuni za meskiti, ule mti mgumu wa miiba wenye moto mkali, unatoka uani kwetu, na nitakuambia ukweli, nilidhani moyo utanitoka kwa furaha, nikasema amerudi, Heriberto amerudi, maana nani mwingine angethubutu kuiwasha ile? Nikakimbia na umri huu wote, mfuko wa mapera ukapasuka njiani nikayaacha yanaviringika. Nikaingia uani. Alikuwa Crescencio. Amekaa kwenye kiti, kiti kingine kitupu kiko kando yake, nikafikiri alikuwa na mgeni aliyekwisha kuondoka, mchanga mpya ameumwaga tumboni mwa chiminea, na magogo ya meskiti yanawaka utadhani anachoma mzigo mzima tanurini, na kabla sijafungua mdomo nikasikia ta! ufa ukapanda kutoka mdomoni mpaka shingoni mbele ya macho yangu.

Bi Eustolia, hapa kwetu hata mtoto anayetambaa anajua kwamba udongo uliokunywa mvua haupewi moto mkubwa. Unauwashia vijiti, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka utoe jasho lake lote. Crescencio amefundisha nusu ya wafinyanzi wa Santa Rita jambo hilo, huwatukana kwa jambo hilo, sasa utaniambia alisahau? Nikamwambia, "Umemaliza sasa? Umemuua, umeridhika?" Akanijibu, "Nilisikia baridi." Basi. Neno jingine sijalisikia mpaka leo.

Moto ulipopoa niliingiza mkono, na pale penye dole pamebanduka. Kipande kiliniangukia kiganjani, nimekifunga kwenye leso, nalala nacho chumbani kwa Yadira, na Crescencio hajui kwamba ninacho. Nafikiria kuhamia kwa dada moja kwa moja. Yadira ndiye anayeamka kupika, anafua, anapanga yale maua ya njano mezani peke yake, na juzi nikiwa nimekaa na leso yangu alisimama mbele yangu na unga mikononi akaniuliza, "Mama, mpaka na mimi nipotee ndiyo utaniuliza kama nimekula?" Nikaikunja leso nikageukia ukutani. Nimechoka, nikilala namwona ana kiu, nikiamka namtafuta, wafu wanaingia wiki ijayo na mimi sijui mwanangu nimweke upande gani.

Niambie mawili tu. Nitoe picha nimweke mezani na wafu? Na huyu mwanamume aliyevunja kitu cha mwisho kilichotoka mikononi mwa mwanangu, nimwache?

Ni mimi, Hermelinda wa Santa Rita


MSHAURI ANAJIBU

Mama Heriberto,

Pole. Kubwa kuliko hiyo sina, ningekuwa nayo ningekupa. Sasa futa machozi nikugombeze kidogo, maana barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimeona mambo ambayo wewe mwenyewe umeyaandika lakini hujayaona.

Kwanza nikutoe wasiwasi: sitakuambia yu hai, wala sitakuambia amekufa. Sijui. Hata wewe hujui, na Crescencio hajui, na Refugio na fremu yake ya dhahabu ndiye hajui kuliko wote. Akija tena mpe tamale la mahindi atafune, mdomo uwe na kazi.

Tuje kwa mumeo. Unasema alivunja makusudi. Mama, mtu anayetaka kuvunja chiminea haitilii mchanga mpya. Mchanga ni wa kuukinga udongo usipasuke, hilo wewe mke wa mfinyanzi nikufundishe mimi? Alikaa, akausambaza kwa mikono yake, halafu akaweka kuni nyingi kupita kiasi juu ya udongo uliolowa, kosa ambalo angemfukuzia mwanafunzi wake. Unajua ni nani anayefanya kosa kama hilo? Ni mtu ambaye macho yake hayako kwenye kazi, yako barabarani. Vijiti vyako vya msonobari moshi wake hauvuki ukuta. Yeye aliwasha moto wa kuonekana kutoka mbali. Na ulionekana. Wewe mwenyewe uliuona ukiwa barabarani, ukaamini, ukakimbia, ukamwaga mapera.

Na kile kiti kitupu hakikuwa cha mgeni. Umeolewa naye miaka yote hii na hilo nalo linahitaji kuandikiwa gazetini?

Crescencio anayesema "tuweke picha" ndiye aliyemwekea mwanawe kiti. Wewe unayesema yu hai ndiye unayegusa dole lake kila asubuhi kama watu wanavyogusa msalaba makaburini. Hakuna kati yenu anayeamini anachokisema. Mnagombana kila mmoja akibeba nusu ya mwenzake, na katikati yenu kuna binti mwenye unga mikononi ambaye hajaulizwa kama amekula. Hilo la Yadira, Hermelinda, ndilo lililonikera. Barua nzima umemtaja kwa kazi zake. Leo hii, kabla hujalikunja gazeti hili, mwite umuulize amekula nini, kisha ukae naye mpaka amalize.

Simsafishi Crescencio. Aliiwasha bila idhini yako, na alipoharibu akakujibu "nilisikia baridi," jibu la mwanamume anayeona ni afadhali achukiwe kuliko aonekane analia. Ana deni la kukuomba radhi na nadhani hajui aanzie wapi. Lakini kumwacha, hapana. Ukienda kwa dada yako utapata mtu wa kukuhurumia. Hutapata mtu mwingine duniani anayemkumbuka Heriberto akiogopa kuchafua viatu.

Picha usiitoe. Mwaka huu iache sandukuni, na ufunguo umpe Yadira, kifuani unakuumiza bure. Mezani wakae wale ambao mna hakika nao. Heriberto mwekeeni sahani uani, kando ya chiminea yake, na chakula anachokipenda, na maji, maana unamwota ana kiu. Akija kwa miguu yake atakula. Akija kwa njia ile nyingine atakula. Wala hamtakuwa mmesema lolote. Kukicha asipokuwepo, chakula kile ni cha Yadira, si cha kuku.

Sasa la damu, na hapa sikubembelezi. Utakwenda. Sikukuu ikipita tu, utakwenda na Crescencio, utavuka ule mlango uliougeukia, utakunja mkono wa nguo. Damu yako si jeneza. Kama hayumo miongoni mwa mifupa hiyo utajua hayumo. Kama yumo, yuko kwenye kabati la chuma na namba badala ya jina, na hakuna wa kumtoa ila wewe. Najua unaweza kurudi na jibu litakalokulaza chini. Siwezi kukuahidi vinginevyo na sitakudanganya ili ulale vizuri usiku mmoja. Lakini umemwogopea kwamba ana kiu. Mwogopee pia kwamba huenda anakungoja wewe umtambue.

Kimebaki kile kipande. Kifungue kwenye leso umpe Crescencio, mkononi, mchana, bila hotuba. Mwambie akirudishe mahali pake. Aifunge chiminea kwa waya, azibe ufa anavyojua yeye, aikaushe kwa vijiti leo kidogo na kesho kidogo kama anavyowafundisha wengine. Meskiti haitaibeba tena maisha yake yote, na ufa utaonekana, na huenda alama ya dole isikae sawasawa kama zamani. Utalia ukiiona. Lieni wote wawili, huyo naye hajapata nafasi.

Kisha jioni ya wafu mwache yeye awashe. Kile kiti kitupu msikiondoe wala asikikalie mtu. Wewe leta chako kutoka ndani, ukiweke upande wa pili wa mumeo, ukae.

Eustolia