Fomu ya Bi Taratibu

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa hospitali: cheo cha mtaalamu mwandamizi, kwa mara ya kwanza, kwa ajili yetu sisi wa tiba kazi na fiziotherapia. Kimoja tu. Wauguzi walioajiriwa siku moja na Bi Taratibu, mwenzangu wa tiba kazi, wameshapanda mara mbili. Yeye miaka kumi na mmoja daraja lile lile. Eti fani yetu haina ngazi ya juu! Nikamwambia, dada, chanda chema huvikwa pete. Akacheka: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini fomu kachukua. Mwanawe anaingia chuo, na kliniki binafsi ya ng'ambo ya barabara inamtaka kwa mshahara mara mbili. Akikosa cheo hiki, mwisho wa mwezi anahama. Kaniambia mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Namchapia fomu, maana yeye na kompyuta ni paka na panya. Mstari wa saba: wagonjwa uliowahudumia. Kaandika sitini na wanne. Sitini na wanne! Daftari la chumba chetu lina zaidi ya elfu mbili chini ya jina lake. Nikamkimbilia. Akasema, bila hata kugeuka, kwamba hao ndio waliorudi kuvaa, kula na kuoga wenyewe. Wengine aliwashika mikono tu, na kushika mikono si kuhudumia. Jamani! Waombaji wenzake watajaza hata waliopita koridoni kuulizia choo. Mtu wa namna hii utamfanyaje? Nampenda, na nilitaka kumzaba kibao.

Alhamisi, 6 Machi
Nimehesabu daftari mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Nikachapa 2,316, na chini yake: kati yao 64 wanajitegemea kabisa. Kweli tupu. Sijamwambia. Na hasaini kitu bila kusoma.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimeegemea mlango wa chumba cha tiba kazi. Karani wa utumishi kapiga simu mara mbili: leo ndiyo mwisho, saa kumi kamili anafunga, na fomu isiyo na sahihi asipelekewe. Ndani yupo fundi cherehani aliyepigwa na kiharusi, anafunga vifungo vya shati. Bi Taratibu kakaa mbele yake, mikono kaikalia — ndivyo afanyavyo, isije ikamponyoka ikaenda kumsaidia mgonjwa. Nikamwonyesha fomu kwa mbali. Akatikisa kichwa: mpaka amalize.

Kifungo cha nne. Cha tano. Cha sita, kitundu cha mwisho — saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Afadhali!

Fundi kainama, kajitazama. Akasema polepole, "Nimeruka kitundu." Kweli, upande mmoja wa shati umepanda juu. Na hakuambiwa na mtu! Mwezi uliopita alikuwa hajui hata kama ana mkono wa kushoto. Bi Taratibu kaangua kicheko, machozi yanamtiririka, na mikono bado kaikalia.

Fundi anafungua kifungo cha kwanza, aanze upya.

Kasoro tisa. Simu inaita tena. Kalamu nimeshaifungua, na sithubutu kuvuka kizingiti.