Dawa Niliyokuachia Uinywe

Ibra, 2002

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo siku ya arubaini tangu tukuzike, na mimi ndiyo kwanza napata uso wa kukuandikia.

Unakumbuka Ramadhani ile niliyofunga zote thelathini, bila ya kukosa hata siku moja? Mavyaa wangu alihesabu, akafurahi, akadhani mwanawe, mume wangu Nasser, anapata mtoto. Kumbe hedhi yangu ilikuwa imekatika tangu mwaka uliopita, nami nina miaka thelathini na moja. Hospitali walisema mayai yamekwisha mapema. Nilikwambia wewe peke yako. Nasser sikumwambia, niliogopa ataozwa mke mwengine.

Ukanipeleka Maskati kwa yule mama wa Kichina. Alinishika mapigo mikono yote miwili, akanitazama ulimi, akasema kwa mkalimani kwamba figo ndizo zinazotunza uzazi, na zangu zimechoka, damu imepungua, mwili umeingia baridi. Hakuniahidi mtoto. Alinipa mizizi na magome ya kuchemsha, akanikataza maji ya barafu, akasema miguu ipate joto. Soksi, Bibi, katika jua la Ibra. Ukavaa na wewe ili nisichekwe peke yangu.

Nilichemshia jikoni kwako, kwa woga wangu. Mavyaa akaingia na sahani ya halua ya kunipongeza, akaziba pua, akauliza ya nani ile. Mimi nikainamia sufuria. Ukasema, "Yangu mie hiyo, ya magoti," ukamimina kikombe, ukanywa mbele yake mpaka chini. Nami nimekaa nakula halua ya mtoto asiyekuwepo.

Matangani mavyaa aliwaambia wanawake, "Maskini, magoti yalimtesa, hata dawa ya Mchina kainywa." Wakanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Naona haya, Bibi. Umelala kaburini na bado nimekutwika aibu yangu.

Nasser nimemwambia jana. Alilia. Hakuondoka.

Imebaki pakiti moja. Sijui kama itanifaa kitu. Mavyaa anakuja kesho mchana, nami nitaichemsha jikoni kwangu, niinywe kwa kikombe chako kile chenye ufa. Akiuliza ya nani, nitamwambia ni yangu, na ya nini. Nakuahidi.

Lala salama, Bibi. Nitamwambia pia kwamba magoti yako yalikuwa mazima.

Mjukuu wako,
Zuwena